Solfa kwenye Mashine ya Baba

Baba yangu alipatwa na kiharusi akiwa amekaa mezani, anaandika sauti ya besi. Daktari alisema ni kiharusi kidogo, na kweli kilikuwa kidogo: mdomo ulirudi sawa, mguu ulirudi, akili haikuguswa. Kilichobaki ni mkono wa kulia. Uliweza kushika kikombe, kufunga mlango, kumpungia jirani. Kuandika haukuweza tena. Kalamu ilikuwa ikiteleza na kuacha alama kama za kuku aliyepita kwenye majivu.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuzoea. Baba ni mtunzi wa nyimbo za kwaya. Babu yetu alitoka Kasai kuja kufanya kazi Lubumbashi, akawapeleka watoto wake wote shule ya misheni, na huko baba alifundishwa solfa: herufi d, r, m, f, s, l, t, zikipangwa kwa mistari minne, soprano juu, alto na tenor katikati, besi chini, na nukta ndogondogo za kuonyesha mapigo. Tangu ujana wake hakuacha kutunga. Nyumbani kwetu, mtaa wa Makomeno, tulikua tukijua kwamba baba akiinama mezani hivi, hata mgeni anasubiri barazani.

Baada ya kutoka hospitali alijaribu kunisomea niandike. Nilikuja kila Jumamosi kutoka mtaa wa Bel-Air, ninakoishi, nikakaa mahali pake penyewe, yeye pembeni. Aliimba sauti, mimi nikaandika. Hatukumaliza wimbo hata mmoja. Alikuwa akisimama katikati ya mstari, anakunja uso, anasema, "Futa." Nikifuta, anasema, "Hapana, ile ya kwanza ilikuwa muzuri." Nikiirudisha, anaondoka kwenda kumwagilia maua.

Siku moja aliniambia ukweli.

"Mama," alisema, maana ndivyo baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao, "sikatai musaada yako. Lakini miye nawaza na mukono. Kama natumia mukono ya mwingine, wimbo inakimbia."

Mimi ni mtengenezaji wa programu za kompyuta. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi kwa kampuni moja ya usafirishaji hapa mjini, nikiwaandikia programu ya kufuata malori yao njiani. Nilipomsikia baba akisema vile, sikuhuzunika sana. Nilijua kitu ambacho yeye hakukijua.

Kulikuwa na programu moja huria ya kuandika solfa. Huria maana yake msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuutumia bure, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Niliipata miezi mingi kabla, nikitafuta kitu kingine, nikaiweka kwenye kompyuta yangu inayotumia Linux, mfumo ulio tofauti na Windows, kwa sababu tu ilinikumbusha nyumbani. Unabonyeza herufi za solfa kwenye kibodi, yenyewe inazipanga katika mistari minne, inaweka nukta mahali pake, halafu ukitaka inakuimbia kwa sauti za kinanda, sauti moja moja au zote pamoja.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na kompyuta yangu, nikaiweka mbele ya baba, nikafungua ukurasa mtupu.

"Bonyeza d," nilimwambia.

Alibonyeza kwa kidole cha mkono wa kushoto. Herufi ikakaa kwenye mstari wake. Akabonyeza nyingine, na nyingine. Alikuwa mzito, anatafuta kila herufi, lakini hakuniuliza chochote. Alipofika mwisho wa mstari nilimwonyesha kitufe cha kuimba. Spika ndogo ya kompyuta ikaimba mstari wake wa tenor, na baba akainamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya kanisani mtu akikosea.

"Tenor iko chini," alisema.

Nilinyoosha mkono kurekebisha.

"Acha. Ntaipandisha miye mwenyewe."

Akaipandisha. Akasikiliza tena. Mama, aliyekuwa jikoni akisonga bukari, ugali wa kwetu, alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akasimama pale hadi wimbo ukaisha. Kisha baba akageuka kwangu.

"Utaweka iyi kintu ku mashine yangu lini?"

Mashine yake ilikuwa kompyuta ya mezani yenye Windows ya Kifaransa, iliyojaa barua za ukoo, picha za harusi na sala za jumuiya. Nilimwambia jambo ni rahisi: nitaondoa Windows, nitaweka Linux kama yangu, na programu itafanya kazi siku hiyohiyo.

"Système ingine ya nini? Iyi nilishaizoea."

"Papa, utaizoea na ile."

"Bon. Na bantu ba kwaya? Bote beko na Windows. Kama naandika wimbo, na bo hawawezi kuifungua, nimeandikia nani? Ukibadilisha ya kwangu, utapita nyumba kwa nyumba kubadilisha na ya bo?"

Alikuwa amesema kweli. Kwenye tovuti ya programu ile, sehemu ya Windows ilikuwa na sentensi moja tu: hatuna mtu wa Windows, anayeweza anakaribishwa. Aliyetaka kuitumia kwenye Windows alipaswa kwanza kuweka lugha ya programu iliyotumika kuiandika, kisha maktaba za msimbo, yaani vipande vilivyoandikwa tayari ambavyo programu inavitegemea, moja baada ya nyingine, kisha sehemu ya sauti, yote hayo kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi, na mtandao ukiwa wazi muda wote. Mwalimu wa kwaya wa Lubumbashi hawezi kufanya hivyo, na si kwa sababu hana akili. Hana sababu ya kujifunza kazi yangu ili afanye ya kwake.

Nilichotakiwa kutengeneza kinaitwa kisakinishi. Ni faili moja tu. Mtu analibofya mara mbili, linamuuliza mambo machache, linafungua mzigo wake, linaweka kila kitu mahali pake, linaacha alama ya kubofya kwenye skrini, na siku mtu akiichoka programu, linaondoa kila kitu bila kuacha takataka. Wote tumelitumia bila kuwaza kwamba kuna mtu alikaa akalitengeneza.

Nilimwandikia msimamizi wa mradi. Ni mzee anayeishi ng'ambo, alifundisha muziki kabla ya kustaafu, na hadi leo hatujaonana uso kwa uso. Nilimwambia mimi ni nani, baba yangu ni nani, na kwamba nataka kutengeneza kisakinishi cha Windows. Alinijibu kwa Kifaransa kizuri cha shule: "Karibu sana. Nakuonya tu kwamba sina hata mashine ya Windows ya kukusaidia kujaribu. Wawili walishaanza kazi hii wakaiacha."

Nikamjibu kwa sentensi moja. Mimi nitaimaliza.

Nasema hivi bila majivuno. Kuna kazi ambazo nikiziangalia naona giza. Hii niliiangalia nikaona njia yote. Nilichukua programu na lugha iliyotumika kuiandika na maktaba zake, nikavifunga pamoja katika folda moja ili mtumiaji asihitaji kutafuta chochote kwingine. Niliweka na sauti za kinanda humohumo, kwa sababu sikutaka mtu aambiwe apakue kitu wakati mtandao wake ni wa kubahatisha. Halafu nikaandika maelekezo ya kisakinishi chenyewe: weka hiki hapa, kile pale, tengeneza alama, uliza lugha. Nilifanya kazi asubuhi kabla ya kwenda ofisini na Jumamosi nzima umeme ukiwepo. Ulipokatika nilisoma msimbo wa mzee yule niliouchapisha kwenye karatasi, na kwa kweli niliuelewa zaidi hivyo.

Palizuka ubishi mmoja tu wakati ule, nao ulikuwa wa lugha. Nilitaka kisakinishi kiseme Kifaransa na Kiswahili. Kifaransa kilikuwa tayari. Kiswahili nilikiandika mwenyewe, nikaenda kumsomea baba.

"Karibu kwenye kusakinisha..."

"Kusakinisha njo nini?" aliuliza; "njo" ya kwetu ni "ndiyo".

"Njo kuweka programu mu mashine, Papa. Ni Kiswahili ya mu bitabu. Kule Tanzania na Kenya njo banasema vile."

"Kwa hiyo bale ba kule bataelewa, siye hapana?"

Mama alicheka. Baba hakucheka. Alitaka neno "kutia". Mimi nikasema kutia ni kama chumvi kwenye mboga. Akataka "kuingiza". Tukavutana hadi chai ikapoa, na mwisho tukakubaliana na "kuweka", neno ambalo mtu wa Lubumbashi na mtu wa Mombasa wote wanalitumia kila siku. Kwenye vitufe tukaandika "Endelea", "Rudi nyuma", "Acha" na "Maliza". Mzee wa ng'ambo aliniuliza hicho ni Kiswahili cha wapi. Nikamjibu ni cha mtu yeyote atakayekisoma.

Kisakinishi kilipokuwa tayari, kilifanya kazi vizuri sana kwenye Windows niliyokuwa nayo ya majaribio. Lakini hiyo ilikuwa mashine yangu, na mashine ya fundi si ushahidi, imejaa vitu vya fundi. Nilihitaji mashine ya mtu ambaye hajawahi kuandika msimbo.

Karibu na kwangu Bel-Air kuna duka la kuchapa na kutoa fotokopi, mali ya mama mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini. Ndugu zake wote wako katika biashara ya jumla na malori. Yeye alisema amechoka na vumbi la maghala, akafungua duka lake lenye mashine nne na feni. Nilimkuta akibandika tangazo mlangoni. Nikamweleza shida yangu, nikamwonyesha flashi.

"Iko na virus?"

"Haina, mama. Ni programu ya kuandika nyimbo za kwaya."

"Nani aliitengeneza?"

"Bantu mbalimbali. Na mimi kidogo."

"Bantu mbalimbali ni bantu gani? Niko na kazi za watu humu, mwanangu. Mémoire za banafunzi za kumaliza masomo ziko humu."

Nilimwambia tutumie mashine ile ya pembeni ambayo wateja hawaigusi, na nikamwahidi nitakaa hapo hadi aridhike. Alifikiri, akavuta kiti cha pili, akakaa karibu nami kabisa. Nilipobofya, skrini ikatokeza dirisha kubwa la buluu: Windows imeilinda kompyuta yako. Chini yake, kwa maandishi madogo, mchapishaji hajulikani.

Mama yule akanigeukia polepole.

"Huyu hajulikani, ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na mimi nakujua. Unapita hapa kila siku." Akabonyeza mwenyewe kitufe cha kuendelea.

Onyo lile hutokea kwa faili lolote jipya ambalo mwenyewe hajaliwekea saini ya kidijitali inayotambulika, na sisi tulikuwa hatuna saini hiyo. Nilitambua papo hapo kwamba si kila mtu atakuwa na jirani wa kumwambia nakujua. Nikaliweka akilini: lazima tuandike ukurasa unaoeleza onyo hilo kwa lugha nyepesi, na jinsi ya kuhakikisha faili ni lile letu.

Hatukufika mbali. Kisakinishi kilidai nenosiri la msimamizi wa mashine, ili kiweke programu kwenye folda ya wote. Nenosiri alilijua mdogo wake, na mdogo wake alikuwa Goma. Nikarudi nyumbani, nikabadilisha: programu iwekwe ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, mahali ambapo hakuna haja ya ruhusa ya mtu. Nikarudi dukani kesho yake. Safari hii kisakinishi kilifika hadi "Maliza". Nikabofya alama ya programu, na Windows ikasema programu haiwezi kuanza, kuna faili halipatikani, ijaribiwe kuwekwa upya.

"Imekufa," mama akasema.

"Haijafa. Imesahau kitu nyumbani."

Na ndivyo ilivyokuwa. Sehemu ya sauti ilitegemea faili la maktaba ambalo kwenye mashine yangu lilikuwepo tayari, limeletwa na programu nyingine, kwa hiyo sikuona pengo lake. Nililiongeza kwenye mzigo baada ya kuhakikisha leseni inaruhusu. Nilipokuja mara ya tatu, programu ilifunguka kwenye kiti kilekile cha plastiki, chini ya feni ileile. Nikaweka wimbo mmoja wa baba, nikabonyeza kitufe cha kuimba.

Sauti nne zikajaza duka. Mwanafunzi aliyekuwa akisubiri karatasi zake akaacha simu. Mwanamume mmoja aliyevaa sare ya mgodini akaanza kuimba besi chini chini, akisoma herufi kutoka kwenye skrini kwa mbali.

"Kumbe inaimba!" mama alisema, na akaniambia niiache humohumo kwenye mashine.

Niliondoka pale nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Jumamosi ile nikaenda Makomeno.

Baba alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kutokea. Alikuwa amesogeza meza dirishani. Nikampa flashi, akaibofya mwenyewe, akasoma kwa sauti kila kitufe tulichokiandika pamoja, akaguna kwa kuridhika. Endelea. Endelea. Maliza. Akabofya alama ya programu. Dirisha likafunguka, likakaa kufumba na kufumbua, likajifunga.

Akabofya tena. Likafunguka, likajifunga.

Nilikaa kitini pake nikajaribu njia zote nilizozijua. Hakukuwa na ujumbe wa kosa, hakukuwa na neno. Baba alisimama nyuma yangu kwa muda, kisha akaenda kukaa kwenye kochi, mkono wa kulia ameulaza juu ya paja kama kitu alichoachiwa na mtu amtunzie.

"Acha tu," alisema. "Pengine iyi mashine haitaki muntu ya mukono moja."

Alisema kama utani, lakini mama alitoka chumbani. Nilimjua baba. Akishafunga mlango kwa utani, hafungui tena.

"Papa, nipe dakika kidogo. Usivue shati."

Nikafungua dirisha jeusi la amri na kuiendesha programu kutoka humo, ili kosa lisikimbie kabla sijalisoma. Hapo likaonekana. Programu ilikuwa ikitafuta sauti za kinanda kwenye folda ya mtumiaji, na jina la folda hiyo lilitokea limeharibika, lina alama za ajabu katikati. Nikaangalia jina lenyewe. Baba ni kifungua mimba wa ukoo, na tangu utoto wadogo zake wote wanamwita Aîné. Siku aliponunua kompyuta na kuulizwa jina, ndilo aliloandika. Windows ikampa folda yenye jina hilo, pamoja na alama zake mbili za Kifaransa juu ya herufi. Na mimi, kwa ajili ya kukwepa nenosiri la dukani, nilikuwa nimeipeleka programu ikae humohumo.

Nikainakili programu kwenye folda nyingine yenye jina la kawaida. Ikafunguka vizuri, ikaimba.

"Nimeiona shida," nilisema. "Ni jina yako, Papa. Programu haijui kusoma accent."

Alinyanyuka akaja kuangalia. Nilimwonyesha folda, nikamwonyesha herufi zilizoharibika.

"Kwa hiyo nibadilishe jina?"

Lingekuwa jambo jepesi. Ningemfungulia akaunti nyingine yenye jina lisilo na alama, na mchana ule ule angekuwa anaandika. Tovuti nyingi zinakushauri hivyo hivyo: epuka herufi zisizo za kawaida. Nilimtazama baba, na nilijua jibu langu kabla hajamaliza swali.

"Hapana. Jina ni ya kwako, ikae. Programu njo itajifunza kusoma."

Leo naona kwamba hapo ndipo kazi yangu halisi ilipoanza. Hadi wakati ule nilikuwa nafunga mzigo wa watu wengine. Sasa nililazimika kuingia ndani ya msimbo wa mzee wa ng'ambo na kuugusa. Tatizo lilikuwa mahali pamoja, pale programu ilipoipa sehemu ya sauti anwani ya faili: ilitumia njia ya zamani, inayojua herufi chache tu, badala ya njia inayokubali herufi za lugha zote. Mistari niliyobadilisha haikuwa mingi. Niliongeza na jaribio linalotengeneza folda zenye majina yenye alama za Kifaransa, za Kireno, hata za lugha ambazo sizisomi, na kuilazimisha programu ifunguke ndani ya kila moja.

Nilimtumia mzee marekebisho na maelezo marefu kuhusu baba. Alijibu jioni hiyohiyo. Alisema kwa miaka amekuwa akipokea ujumbe wa watu wanaosema programu inafunguka na kujifunga, na kwa kuwa hakuweza kuliona kosa hilo kwake, aliwajibu kwa upole kwamba mashine zao labda zina hitilafu. "Jina langu halina alama hata moja," aliandika. "Sikuwahi kufikiri kwamba jina la mtu linaweza kumfungia mlango." Aliyapokea marekebisho yangu yote. Kisha akaniuliza kama ningekubali kuwa mtu wa Windows wa mradi, nami nikakubali.

Baba hakuwa amevunjika moyo kama nilivyoogopa. Nilipoleta kisakinishi kipya alikuwa na fulana ya nyumbani na kandambili, hakujipamba tena, lakini alikuja mezani. Nilikaa kwenye kochi na mama, mikono yangu chini ya mapaja ili nisiguse kitu. Alibofya. Akaendelea. Akamaliza. Dirisha likafunguka na likabaki wazi.

Aliliangalia kwa muda, kama anayesubiri lijifunge.

"Haijifungi," alisema.

"Haitajifunga tena, Papa."

Akaanza kubonyeza. Mimi na mama tukahamia barazani, maana ndiyo adabu ya nyumba ile baba akitunga. Tulisikia vipande kupitia dirishani: soprano peke yake, kisha soprano na alto, kisha ukimya, kisha alto tena imebadilika kidogo. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Kila sauti iliporudi, vidole vyake vilisimama.

Wimbo ule ulimchukua wiki nyingi. Kwaya ya Makomeno iliuimba siku ya Pasaka. Ni wimbo wa furaha, wa kasi, wenye besi ngumu ambayo ilileta malalamiko kwenye mazoezi. Baba alikataa kuilegeza. Aliwachapishia kila mmoja karatasi yake, safi, kila nukta mahali pake, na mtu wa besi aliyezoea kusema hakuona vizuri mwandiko akakosa kisingizio. Yeye mwenyewe aliongoza, mkono wa kushoto juu, wa kulia mfukoni, na sehemu ya mwisho watu wakasimama kabla hawajaambiwa.

Mwalimu wa kwaya moja ya Kipushi, mji wa jirani, alikuwepo siku ile. Baada ya misa alimfuata baba kuomba karatasi, baba akamwambia karatasi si kitu, njoo nyumbani nikupe programu yenyewe. Akampa kisakinishi kwenye flashi. Baada ya siku chache mwalimu yule alinipigia simu, akilalamika kwamba programu haina njia ya kuandika mahali ambapo ngoma zinaingia. Nilimsikiliza, nikamwuliza wao wanaandikaje kwa mkono, nikamwandikia mzee wa ng'ambo. Sasa njia hiyo ipo.

Kila toleo jipya likitoka, mimi ndiye ninayetengeneza kisakinishi chake. Nalijaribu kwenye mashine yangu, kisha kwenye ile ya pembeni dukani kwa mama wa Kivu, ambaye siku hizi anawaambia wateja kwamba programu hiyo imezaliwa kwake. Ukurasa wa kueleza lile dirisha la buluu niliuandika, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Baba bado ananipigia kulalamika. Mara alama ya programu ni ndogo, mara tenor ya kinanda inaimbia puani.

Majuzi niliingia kanisa moja katikati ya mji, si letu, nilikuwa nimefuata harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Nilifika mapema. Wanakwaya walikuwa bado wanajipanga, na alto mmoja alikuwa ameacha karatasi zake kwenye benchi karibu nami. Nikazitazama, nikaitambua mipangilio ile, mistari minne, nukta ndogondogo, maandishi ya programu yetu chini ya ukurasa. Wimbo sikuujua, wala mtunzi wake.

Yule dada aliporudi nikamwuliza nani aliwaandikia.

"Président wetu wa kwaya," alisema. "Iko na programu moja ku mashine yake."

"Nani alimuwekea?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

"Hapana muntu. Alibofya tu."

Akachukua karatasi zake, akaenda kusimama mahali pake kati ya wenzake, na harusi ikaanza.